Sura ya Tisa: Ukurasa wa Arobaini na Saba

Inspekta Zena Daimu hakuwa na njaa alipovuka barabara kwenda kununua karanga. Alikuwa anaogopa, na woga wake siku zote ulianzia tumboni ukajifanya njaa. Tangu Jumapili alikuwa amekula kila kilichopita mbele yake, akijitetea kwamba Ramadhani iko mlangoni na mfungo utamrekebisha. Leo Jumanne ilikuwa zamu ya karanga za Bi Mwanne, aliyeketi na beseni lake pale Lizaboni, mjini Songea, mkabala kabisa na kiwanda cha uchapaji cha Saimon Haule.

Kilichomwogopesha kilikuwa na jina: Hironimus Nyoni, fundi mkuu wa mashine katika kiwanda hicho. Jumapili asubuhi mlinzi alifungua stoo ya karatasi akamkuta Mwalimu Polikarp Luambano, mstaafu wa miaka sabini na moja, amelala chini ya rimu zilizoporomoka, mwili umeshapoa. Mwalimu ndiye aliyeandika kitabu kilichokuwa kikichapwa pale, historia ya taifa tangu vita vya Majimaji hadi miaka ile nchi ilipowahifadhi wapigania uhuru wa Msumbiji na wa kusini yote. Keshokutwa, siku ya mashujaa, kitabu kilikuwa kigawiwe kwa wageni kutoka Ujerumani, Msumbiji na kwingineko.

Mwanzoni kiwandani walisema ni ajali. Daktari alipokataa, wakasema ni Hironimus: aligombana na Mwalimu Ijumaa, akamuua, akakimbilia Tunduru, na tiketi ya basi yenye jina lake ipo. Hati ya kumkamata ilishaandikwa. Lakini Zena ni mzaliwa wa Tunduru, na shemeji yake Saleh anashinda stendi. Konda alimwambia Saleh kwamba abiria wa kiti namba kumi na nne aliteremka Namtumbo kwenda kujisaidia, hakurudi. Mtu anayekata tiketi ya safari ndefu halafu akayeyuka njiani ama ameuawa, ama anaogopa kuuawa. Zena hakujua ni lipi kati ya hayo mawili. Alijua tu kwamba kama Hironimus bado anapumua, yeye ndiye shahidi pekee wa kilichotokea kiwandani Jumamosi mchana, na kwamba yuko mwingine anayelijua hilo.

Bi Mwanne alimkunjia karanga kwenye karatasi, akampa. Zena alitafuna mbili, akaitazama karatasi, akaacha kutafuna.

Ilikuwa imechapwa mara mbili, kazi moja juu ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa na fremu ya zambarau na msalaba, ratiba ya mazishi ya marehemu Suzana Tawete, mwenyekiti wa kwaya, aliyefariki Ijumaa tarehe 21 saa tatu usiku na kuzikwa Jumapili. Ya pili ilikuwa maandishi meusi na picha ya mnara wa mashujaa, na chini pembeni namba 47.

Zena aliuliza karatasi zimetoka wapi. Bi Mwanne alishangaa kuulizwa jambo linalojulikana mtaa mzima. Mafundi wa mashine hawatupi karatasi mbovu. Wanaziingiza tena na tena wakati wa kuseti kazi mpya, ili wasiharibu nyeupe, na zikichakaa kwa wino Hironimus huzifunga bando akampelekea. Bando la jana aliletewa na mke wa Hironimus, Emerensiana, kutoka Mjimwema. "Mwenyewe simwoni, ila bando nimepata," alisema, akaendelea kukunja.

Zena alimwaga karanga zote mfukoni mwa koti, akaibana karatasi ile ndani ya daftari lake. 

Ndani ya kiwanda, Sajini Pankrasi alikuwa akihesabu makasha ya vitabu vilivyokwisha kushonwa, akinung'unika, maana kuhesabu kulimchosha kuliko kukimbiza wezi. Saimon Haule alimpokea Zena kwa ukarimu wake wa siku zote. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na alipenda kusimama huku mkono wake umewekwa juu ya mashine kubwa ya ofseti aliyoinunua Ujerumani ikiwa imetumika. Zena alikwishaisikia hadithi ya mashine hiyo mara mbili, na alijua atasikia ya tatu.

Akaisikia. Saimon alisema babu zao walinyongwa na Wajerumani hapa hapa Songea, na kwa miaka mingi hata vitabu vya kueleza walivyonyongwa vikachapwa huko huko ughaibuni. Sasa mashine ya Kijerumani inachapa habari zao Lizaboni, kwa mikono ya Wangoni, na Mjerumani atakuja kukipokea kitabu kwa mikono miwili. Nchi hii haina ubabe wa fedha wala wa silaha, alisema. Dunia inaiheshimu kwa jambo moja, kwamba wengine walipokuwa wamefungiwa, sisi tuliwafungulia mlango. Baba yake, Mzee Dastan, alikuwa mmoja wa waliofungua, kijana wa kambini aliyewavusha wapiganaji Mto Ruvuma, na Alhamisi atavishwa nishani mbele ya wageni wote.

Zena alimpongeza. Kisha akamuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu tu, mashine ilizimwa lini.

Ijumaa mchana, Saimon alijibu, karatasi zote za kitabu zilipokwisha kutoka. Jumamosi kiwanda kilifungwa. Mwalimu alikuwa na ufunguo wake.

"Na ratiba ya Mama Suzana Tawete?"

Saimon alijipiga paji la uso. Alisahau kabisa. Kazi ya msiba, dharura. Familia ilikuja alfajiri ya Jumamosi, Hironimus akawachapia mia sita, saa mbili wakawa wamemaliza. Baada ya hapo mashine haikuguswa.

Zena alitoa karatasi kwenye daftari, akailaza juu ya meza ya kukagulia, akaomba kile kioo kidogo cha kukuzia ambacho mafundi hutazamia nukta za wino. Aliinama. Pale herufi nyeusi zilipokutana na fremu ya zambarau, weusi ulikuwa umepita juu bila kukatika, na zambarau imebaki chini. Alimwita Saimon naye atazame. Saimon alivaa miwani yake, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama Suzana alifariki Ijumaa usiku," Zena alisema. "Ratiba yake imechapwa Jumamosi asubuhi. Na ukurasa wa arobaini na saba umechapwa juu ya ratiba. Sasa kitabu kilichokwisha Ijumaa kimerudije mashinini?"

 Saimon aliuliza la kwake, kwa upole ule ule, kama mtu anayeulizia bei ya kitambaa. "Hii umeitoa wapi, afande?"

Na Zena, miaka kumi na minne kazini, alijibu. Baadaye alijilaumu sana kwa jambo hili, na alistahili. Alikuwa amefurahi mno na zambarau yake. Alimweleza kwamba bando zima liko kwa muuza karanga, na kwamba lilitoka nyumbani kwa Hironimus, kwa mke wake.

Saimon alivua miwani akaifuta. Alisema atakwenda kutafuta daftari la kazi ili wahakikishe tarehe. Zena alimwachia Pankrasi amwangalie, akaingia chumba cha nyuma alikokaa Devota Komba, mpangaji wa kurasa.

Devota alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, na tangu Jumapili alikuwa akijibu kila swali kwa neno moja huku akitazama kioo cha kompyuta. Zena hakumuuliza kitu. Alimwekea karatasi mbele yake. Devota alipoona namba ile, aliificha mikono chini ya meza.

Alianza kusimulia kwa sauti ya chini, akigeukia mlango kila baada ya maneno matatu. Jumamosi asubuhi bosi alimpigia simu aje haraka. Alimkuta amekaa kwenye kiti hiki hiki. Alimwamuru afute maandishi ya ukurasa wa arobaini na saba, aweke picha ya mnara na aya mbili alizoziandika mwenyewe, kisha faili la zamani lifutwe. Hironimus akaitwa achape upya. Devota hakuyasoma vizuri maandishi ya zamani. Mwalimu aliyaleta Alhamisi jioni, dakika za mwisho, naye Devota akayapanga kwa haraka. Alikumbuka tu kwamba yalihusu Mto Ruvuma.

Na Mwalimu mwenyewe alijua kwamba yamefutwa? Zena aliuliza.

Hapo Devota alilia. Mwalimu Ijumaa alimwambia kwamba kabla kitabu hakijatoka, lazima aende kumwamkia Mzee Dastan na kumsomea ukurasa ule uso kwa uso. "Alisema, 'Siwezi kumvua mtu mzima nguo hadharani kabla sijapiga hodi kwake.' Nilimwambia Mwalimu, we acha tu, watasoma wenyewe. Akaniambia hakulelewa hivyo." Alijifuta kwa kiganja. Mwalimu alikwenda kweli, Jumamosi alfajiri. Mzee lazima alimwambia mwanawe, maana kabla ya saa tatu bosi alikuwa ameketi kwenye kompyuta.

Zena aliona jinsi adabu ilivyompeleka Mwalimu kaburini. Aliuliza kama kuna popote ulipobaki ukurasa wa zamani. Karatasi zake zilichomwa, Devota alisema, bosi alisimamia mwenyewe. Labda pleti. Zena hakuelewa, akaelezwa: kila ukurasa kabla ya kuchapwa unachorwa kwenye bati jembamba la aluminiamu, ndiyo pleti, na kazi ikiisha bati halina faida tena.

"Huwa mnayatupa?"

"Nani atupe bati, afande?" Devota alimtazama kwa mara ya kwanza. "Fundi Hironimus anayachukua kila Ijumaa. Banda lake la kuku lote ni pleti."

Nyuma ya jengo injini ya gari iliwaka.

Zena alitoka mbio. Pankrasi alikuwa amesimama kwenye makasha, midomo ikihesabu; alimwambia kwamba bosi ameingia ofisini kutafuta daftari. Ofisi ilikuwa tupu na mlango wa uani umeachwa wazi.  Kila alichohitaji kujua yule bwana, alikuwa amemwambia kwa kinywa chake: kwamba mke wa Hironimus yupo nyumbani, na kwamba kila kilichotoka kiwandani kiko kwake.

Alimwamuru Pankrasi asibanduke kwa Devota hata dakika moja, kisha apige simu askari watumwe Mjimwema. Pankrasi alipiga pale pale. Askari karibu wote walikuwa viwanja vya makumbusho, kwenye mazoezi ya gwaride la Alhamisi. Nusu saa, waliambiwa, labda zaidi. Zena hakuwa na silaha. Alichukua ufunguo wa gari, akasema bismillahi, akaondoka.

Njiani alijaribu kujituliza kwa kupanga mambo. Saimon anataka bati, alijiambia, hataki mtu. Ataling'oa na kuondoka. Lakini Mwalimu naye huenda alikuwa hatakiwi, alikuwa tu amesimama mahali pabaya. Alipokata kona ya Mjimwema nusura aparamie mkokoteni wa matofali.

Gari la Saimon lilikuwa limeegeshwa mbele ya geti la bati, vizuri kabisa, kama gari la mgeni aliyekuja kula.

Uani, kwenye kiti cha mbao, alikuwa ameketi Mzee Dastan Haule mwenyewe, koti la suti na kofia, fimbo katikati ya magoti. Aliishi mitaa miwili tu kutoka pale, na Zena akaelewa upesi kwa nini mwanawe alimpitia: Emerensiana angeweza kumfungia Saimon geti, lakini hakuna mwanamke wa mtaa ule ambaye angemfungia Mzee Dastan. Mama wa watu alikuwa amesimama mbele yake na birika, akimimina chai ambayo nusu yake iliishia kwenye kisosi. Ukutani mwa ua lilikuwepo banda la kuku, limezungushiwa mabati membamba yenye maandishi ya bluu, na Saimon alikuwa amechuchumaa mbele yake, nyundo ya kung'olea misumari mkononi. Mabati matatu yalikuwa tayari yameng'oka.

Zena alianza na salamu, kwa kuwa hakujua angeanzaje vinginevyo. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti," alijibu Mzee Dastan, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Saimon aligeuza kichwa, akamwamkia kwa kutikisa nyundo kidogo, akasema anatafuta mali ya kiwanda iliyochukuliwa bila ruhusa. Kisha akaendelea na msumari wake.

Zena hakuketi. Macho yake yalizunguka ua, kama yalivyozoea, na yakaona vitu ambavyo Saimon, kwa haraka yake ya mabati, hakuwa ameviona. Juu ya kichanja cha vyombo kulikuwa na sahani mbili zenye ugali wa asubuhi. Kwenye kamba lilianikwa shati la kiume, bado linadondosha maji. Na kando ya banda, hatua tatu tu kutoka alipochuchumaa Saimon, kulikuwa na stoo ya mahindi yenye mlango wa mbao, na mlango ule ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Alimtazama Emerensiana. Emerensiana alimtazama, na birika likaanza kugongana na kikombe.

Kwa hiyo Hironimus alikuwa hai. Zena alitamani kumshukuru Mungu na alitamani kukimbia, yote kwa pamoja.  Kazi yake sasa ilikuwa moja, kuhakikisha mtu mwenye nyundo anamtazama yeye na asitazame mlango ule, mpaka askari wafike. Akahesabu: dakika ishirini, labda.

Alitembea moja kwa moja hadi kwenye banda, akajiweka kati ya Saimon na stoo, akasema kwa sauti aliyoilazimisha iwe kavu kwamba mabati hayo ni vielelezo na asiguse tena. Saimon alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Zena alivyomwona kiwandani.

"Afande, hili jambo si la uhalifu," alisema. "Ni la heshima ya nchi. Wageni wanakuja. Unataka wasome nini?"

"Nataka nisome mimi kwanza."

Bati la ukurasa wa arobaini na saba Zena aliliona karibu mara moja, lilikuwa limepigiliwa kichwa chini, kuku mmoja amelala nyuma yake. Aliinamisha shingo akasoma kwa sauti, polepole kadiri alivyoweza, maana kila neno lilikuwa sekunde. Mwalimu alikuwa ameandika hivi: kwamba taifa hili lilijenga jina lake duniani kwa kuwavusha wenzake, na kwa sababu hiyo hiyo halina budi kutaja siku lilipowaangusha. Mwaka 1970, wapiganaji kumi na wanne wa Msumbiji walivuka Ruvuma kwa mitumbwi. Ng'ambo, Wareno walikuwa wanawangoja. Kumi na mmoja walikufa majini. Saa na mahali pa kuvuka vilijulikana na mtu mmoja tu wa upande huu, karani wa kambi, na barua yake kwa Wareno ingalipo. Chini yalifuata majina kumi na moja, na mwisho jina la karani: Dastan Haule.

Zena aliyasoma majina yote, moja moja. 

Mzee Dastan ndiye aliyesema kwanza. Hakukanusha. Alisema alikuwa na miaka ishirini na mitatu, Wareno walikuwa wamemshika kaka yake ng'ambo, na wakamtumia kidole cha kaka huyo kwenye bahasha. Aliogopa. Aliogopa miaka hamsini na mitano, alisema, na Mwalimu alipokuja kumsomea Jumamosi alfajiri, alikaribia kumshukuru. Kisha alishika fimbo kwa mikono miwili, akainua uso.

"Nilikwenda kiwandani mchana ule. Mimi ndiye niliyemuua Mwalimu. Mwanangu hahusiki. Andika hivyo."

Emerensiana aliweka birika chini. Saimon hakusogea.

 Zena alimuuliza mzee kwa adabu yote alimpiga Mwalimu kwa kitu gani, na wapi.

"Kwa chuma. Nilimpiga hapa." Mzee alijigusa paji la uso. "Akaanguka, rimu zikamfunika."

Mji mzima uliamini hivyo, kwa kuwa rimu zilimwangukia Mwalimu usoni. Jeraha lililomuua lilikuwa kisogoni. Zena, Pankrasi na daktari ndio pekee waliolijua, na aliyempiga. Zena alimgeukia Saimon, akijua dakika zilizobaki ni nyingi mno kwa mtu asiye na silaha, na akamuuliza swali ambalo aliliogopa kuliko yote.

"Umemsikia baba yako. Ni kweli?"

Mzee Dastan naye alimgeukia mwanawe. Pengine alitaka tu kumwashiria akubali. Lakini uso wake haukuwa wa mtu anayeashiria; ulikuwa wa mtu anayengoja, na Zena aliona kwamba mzee, bila kujua, alikuwa anatumaini mwanawe atayakataa maneno yale. Saimon alitazama chini, akatazama nyundo, akatazama bati. 

"Mzee ameshasema mwenyewe," alisema. "Mimi niongeze nini?"

Uso wa Mzee Dastan ulikunjamana taratibu.

Komeo la stoo likalia. Zena alitaka kupiga kelele kumwambia abaki ndani, asithubutu, lakini mlango ulikwisha kufunguka na Hironimus Nyoni alikuwa amesimama kizingitini, vumbi la mahindi kichwani.

"Siyo mzee," alisema. "Mzee hakuwepo. Bosi, uliniambia niende kula, sikwenda. Nilikuwa nyuma ya mashine nasafisha rola. Mwalimu alikugeuzia mgongo ili aokote karatasi yake."

Saimon alimtazama fundi wake kana kwamba amemwona maiti. Kisha nyundo ikapanda. Zena aliingia kati bila kufikiri, mikono mitupu mbele, macho ameyafumba nusu, na alichokiwaza kwa wakati ule, kwa aibu yake, ni kwamba mfuko wake umejaa karanga. Emerensiana alipiga yowe na majirani wakaanza kuitana nje ya ukuta. Nyundo haikushuka. Saimon alizisikia sauti zile, akarudi nyuma hatua, akaangalia geti.

Hapo ndipo Mzee Dastan alipoinuka. Ilimchukua muda, aliegemea fimbo, akajinyoosha, akavuka ua kwa hatua zake fupi, akapita mbele ya mwanawe bila kumgusa. Alifika getini, akalifunga, akasukuma komeo. Kisha akajishusha chini kwenye vumbi na suti yake, mgongo umeegemea bati, fimbo imelala mapajani.

"Baba, ondoka hapo," Saimon alisema.

"Mwalimu alikuja kwangu kwa adabu," mzee alisema. "Wale kumi na mmoja sikuwafungia mlango kwa mikono. Niliandika tu. Huu nimeufunga kwa mikono. Ukitaka kupita, nipite mimi."

Saimon alisogea mpaka akasimama juu yake, nyundo bado mkononi, na kwa muda ambao hakuweza kuupima, Zena aliamini kwamba atampita. Hakumpita. Mzee hakuinua uso kumtazama. Alikuwa anayarudia majina aliyosomewa, kwa sauti ndogo, akikosea la nne na kulianza upya, na walimsikiliza hivyo mpaka gari la polisi liliposimama nje na mtu akagonga geti.

Mzee hakulifungua kabla ya kumaliza jina la kumi na moja.